Miaka 80 ya Thika: Makindu bado inasubiri mwalimu wa breli

Mwaka huu wa 2026 Shule ya Wasioona ya Thika inatimiza miaka 80 tangu Jeshi la Wokovu liifungue mwaka wa 1946, na sifa zote itakazomiminiwa inazistahili. Baada yake zilikuja Kibos karibu na Kisumu, Likoni ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, Mtakatifu Lucy kule Igoji, Meru, na Mtakatifu Oda kule Aluor, Gem. Lakini mzazi wa Makindu, katika kaunti ya Makueni, akizihesabu shule hizo, hapati hata moja iliyo jirani yake. Machakos pana taasisi ya wasioona, ila hiyo ni ya kufundisha ufundi, si ya kumpokea mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo mtoto asiyeona wa mji huu wa reli alikuwa na njia mbili: apande hadi Thika, takriban kilomita 200, au ateremke hadi Likoni, zaidi ya kilomita 300. Asiyepata nauli wala nafasi alibaki nyumbani. Hoja ya makala haya ni kwamba taifa lilijenga mabweni likasahau kujenga huduma, na kwamba kosa hilo halikutokana na kukosa ushauri.

Ushauri ulikuwepo tangu 1964. Tume ya elimu ya Ominde ilipendekeza watoto wenye ulemavu usio mkubwa wasome katika shule za kawaida. Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa, mwana wa Kitui na waziri katika baraza la kwanza la Jamhuri, ilichunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na kazi yake ikazaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa 1968. Ukambani ina haki ya kujivunia jina hilo. Ina haki pia ya kuuliza mbona sera iliyoasisiwa na mtu wake haikufika vijijini mwake.

Gharama ya kupuuza ushauri huo ilionekana wazi miaka ya 1990, wataalamu wa macho walipowapima wanafunzi katika shule za wasioona nchini. Wengi hawakuwa vipofu kabisa. Walikuwa na uoni hafifu. Baadhi yao, wakipewa miwani inayofaa au kioo cha kukuza maandishi, waliweza kusoma vitabu vya kawaida. Hawa ni watoto waliotenganishwa na ndugu zao na kufundishwa kusoma kwa vidole ilhali macho yao yalikuwa na kazi bado. Walimu waliowapokea hawana lawama: walimfundisha aliyeletwa. Lawama ni ya mfumo uliomwita mtoto kipofu kabla ya kumpima, kisha ukampeleka palipokuwa na kitanda.

Watetezi wa mabweni wana jibu zito. Wanasema darasa la kawaida lenye wanafunzi wengi, lisilo na mashine ya Perkins ya kuandikia breli wala mwalimu anayeisoma, ni mahali pa kumtelekeza mtoto huku tukijisifu kwamba tumemjumuisha. Ni kweli, na asiyeona kabisa huenda bado akahitaji Thika ili azimudu hesabu na ramani. Lakini hoja yao inakosoa ujumuishaji usio na huduma. Huduma yenyewe inajulikana: mwalimu aliyefunzwa, anayezunguka shule kadhaa, akimwonyesha mwalimu wa darasa namna ya kuyasoma kwa sauti yaliyo ubaoni, akimfunza mtoto kutumia fimbo nyeupe, na kuandaa karatasi za mtihani mapema. Mpango wa aina hiyo ulianza miaka ya 1980 kwa msaada wa wafadhili. Vituo vya kupima watoto vikafunguliwa kuanzia 1984 kwa fedha za Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ikafuata mwaka wa 1986. Msaada wa kigeni ulitufungulia njia. Kuwalipa walimu hao na kuwapa usafiri ni wajibu wetu.

Katiba ya 2010 inataja breli kwa jina, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii. Katiba hiyohiyo iliziachia kaunti elimu ya chekechea pamoja na hospitali na zahanati zake. Hapo Makueni na Kitui haziwezi kusingizia Nairobi. Kumpima macho kila mtoto anapoingia chekechea, na kumkabidhi mwenye tatizo kwa mwalimu anayejulikana kwa jina, ni kazi iliyo ndani ya mamlaka yao, na bajeti ya mwaka ujao ndiyo mahali pa kuianzia.