Tiketi Hukatwa Mbali: Historia ya Filamu za Hali Halisi, Kutoka Gari la Sinema Hadi Dzaleka

Watu wa Malawi walitazama filamu bure miaka mingi kabla ya kuzoea kulipa kiingilio. Mwaka 1948 tawala za kikoloni za Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini zilianzisha kitengo cha pamoja cha filamu, Central African Film Unit. Kitengo hicho kilitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na maisha ya mjini, na magari ya sinema yakazisambaza vijijini. Gari liliegeshwa uwanjani, pazia jeupe likatandazwa, jenereta ikawashwa, na kijiji kizima kikakusanyika. Hakuna aliyekata tiketi. Serikali ndiyo iliyolipa, kwa hiyo serikali ndiyo iliyochagua watu waone nini.

Chanzo hicho kinafaa kukumbukwa na yeyote anayebeba kamera leo kwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Filamu ya hali halisi ilifika nchi hii ikiwa mali ya wenye nguvu, na watazamaji wake hawakuwahi kuingizwa katika hesabu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 hali haikubadilika sana. Sheria ya mwaka 1968 ya kudhibiti filamu na burudani iliunda bodi ya kukagua kila filamu kabla haijaonyeshwa hadharani. Televisheni ya taifa haikuanza hadi mwaka 1999, miaka mitano baada ya Rais Kamuzu Banda kuondoka madarakani. Lilongwe ilichukua nafasi ya Zomba kama mji mkuu mwaka 1975, ikajengwa kwa ramani na kugawanywa kwa maeneo yenye namba. Hata hivyo, jiji hilo halikujenga mazoea ya sinema kama yale ya pwani, ambako familia zilivaa vizuri Jumapili na kupanga foleni mbele ya Majestic ya Zanzibar au Avalon ya Dar es Salaam. Mpaka leo mtengenezaji wa filamu wa Malawi hutegemea kumbi za hoteli, shule na vituo vya utamaduni, ambako mapato ya mlangoni hutosha kulipia ukumbi na mashine, na pengine yasitoshe.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza. Iko wilaya ya Dowa, takriban kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe, na katika enzi ya Banda wafungwa wa kisiasa walishikiliwa huko. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Sokoni, kanisani na kisimani, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Wengi wao walitoka katika nchi ambazo banda la video lilikuwa limeshika mizizi. Tangu kanda za VHS zilipoenea, ukanda wetu ulikuwa na soko lake la filamu ambalo halikuandikwa katika takwimu yoyote ya dunia. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nairobi ikampata DJ Afro. Mtu aliingia bandani kwa sarafu chache, akakaa kwenye benchi, akacheka na jirani yake. Mwenye banda alilipia umeme, kanda na kodi, kisha akabaki na kilichosalia. Aliyetengeneza filamu hakupata chochote, na hakujua ni watu wangapi walioiona. Filamu ya hali halisi ilikuwa na nafasi ndogo hapo, kwa sababu banda hujazwa na mapigano na mpira.

Mbali na huko, biashara ya filamu za hali halisi ina utaratibu wake. Nchini Marekani, filamu inayofunguliwa katika kumbi zisizofika 600 huhesabiwa kuwa imetoka kwa kiwango kidogo. Filamu nyingi za hali halisi za sanaa huanza na ukumbi mmoja hadi minne, New York au Los Angeles. Msambazaji hutazama wastani wa kila ukumbi katika mwisho wa wiki wa kwanza. Ukiwa mzuri, kumbi huongezwa. Ukiwa dhaifu, filamu huondolewa kimyakimya. Katika mapato ya tiketi, takriban nusu hubaki kwa mwenye ukumbi. Katika nusu nyingine msambazaji hukata kwanza gharama za matangazo, na mwongozaji hulipwa mwishoni, kama kuna cha kulipwa. Mwaka 2005 filamu ya Kifaransa ya pengwini, March of the Penguins, ilianza Marekani katika kumbi 4, ikafika zaidi ya 2,500 na kuingiza dola milioni 77. Mafanikio ya namna hiyo ni adimu mno, na wanaoingia katika kazi hii kwa kuyatarajia huumia.

Filamu zilizopigwa kwetu zimepita njia hiyo hiyo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mwongozaji kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na maisha ya Mwanza. Filamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya filamu za Ulaya, ikapata César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Tiketi zilikatwa Paris, Vienna na New York. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Kuna mengi ya kubishania ndani ya filamu ile, lakini jambo moja halina ubishi: watu waliopigwa picha hawakuwa na sauti katika kuamua ionyeshwe wapi, wala mkono katika kugawana kilichopatikana.

Filamu ya Benda Bilili!, iliyofungua Quinzaine, sehemu ya tamasha la Cannes, mwaka 2010, ilikwenda tofauti kidogo. Renaud Barret na Florent de La Tullaye waliwafuata kwa miaka wanamuziki wa Kinshasa, baadhi yao wakiwa wamepooza miguu kwa polio. Kila tiketi ya filamu iliyokatwa Ufaransa iliuza pia jina la bendi, na bendi ilikuwa na albamu na ziara zake yenyewe. Wanamuziki walisimama jukwaani na kulipwa. Mwaka 2013 bendi iligawanyika, na maswali ya usimamizi yalikuwa sehemu ya mgogoro. Hata hivyo somo linabaki: mapato ya kweli ya filamu ya sanaa mara nyingi huwa nje ya ukumbi wa sinema, na anayeyapata ni yule aliye na kitu chake cha kuuza.

Malawi ina mifano yake. Mwaka 2008 Madonna aliandika na kusimulia I Am Because We Are, filamu iliyoongozwa na Nathan Rissman kuhusu yatima wa nchi hii, ikazinduliwa katika tamasha la Tribeca, New York. Mwaka 2013 William and the Windmill ya Ben Nabors, kuhusu William Kamkwamba wa Wimbe, Kasungu, kijana aliyejenga kinu cha upepo, ilipata tuzo kuu ya filamu za hali halisi katika tamasha la South by Southwest, Texas. Maisha hayo hayo yakawa filamu ya kuigiza ya Chiwetel Ejiofor mwaka 2019, iliyonunuliwa na Netflix. Huko hesabu ya tiketi hutoweka kabisa, kwa kuwa kampuni hulipia haki za filamu na watazamaji hulipia usajili wa mwezi. Kwa upande wa Wamalawi wenyewe, Shemu Joyah alionyesha kwamba filamu ya nyumbani inaweza kufika mbali: The Road to Sunrise ilikuwa filamu ya kwanza kuiwakilisha Malawi katika kinyang'anyiro cha Oscar, mwaka 2018.

Dzaleka imejaribu njia nyingine. Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki kutoka Lubumbashi anayejulikana kama Menes la Plume, alianzisha Tumaini Festival ndani ya kambi. Kiingilio ni bure. Wasanii wa kambini hushiriki jukwaa na wa Malawi na wa nchi nyingine, na maelfu ya watu huja. Wageni kutoka Lilongwe hulipa kulala katika nyumba za wakimbizi, hununua chakula, vitenge na kazi za mikono. Pesa haipiti dirisha la tiketi. Huingia moja kwa moja mkononi mwa mama mwenye sufuria na kijana mwenye kibanda. Nionavyo mimi, hakuna hesabu ya burudani iliyo ya haki zaidi katika nchi hii.

Mafanikio hayo yana uzito zaidi ukikumbuka ukuta wa sheria unaoizunguka kambi. Kwa sera ya Malawi, mkimbizi anatakiwa kuishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha kwa nguvu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Filamu kuhusu Dzaleka ikionyeshwa katika hoteli ya Lilongwe, mhusika wake anahitaji kibali na nauli kabla ya kufikiria kiingilio. Anaweza kutazamwa na jiji zima bila yeye kujiona.

Kwa hiyo mkataba wa filamu yoyote inayopigwa Dzaleka unapaswa kutaja mambo manne. Onyesho la kwanza lifanyike kambini, kwa lugha ambayo watu wake wanaielewa. Watazamaji wahesabiwe na idadi yao iandikwe katika taarifa ileile inayotaja tiketi za New York. Mabanda ya video yapewe nakala halali kwa bei ndogo, na sehemu ya kiingilio imrudie aliyetengeneza. Na fungu la mapato ya nje, lililotajwa kwa asilimia na kusainiwa kabla kamera haijawashwa, lirudi kwa waliopigwa picha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji studio kubwa. Yanahitaji daftari, kalamu, na mwongozaji anayekubali kwamba mtu aliyetoa maisha yake kuwa filamu ni mshirika wa biashara.