Mpaka wa Ruhwa: Namna ya kuchagua wakala wa kukusanya madeni

Mfanyabiashara wa Bugarama aliyeuza saruji au mchele kwa mkopo ng'ambo ya mto Ruhwa ana tatizo ambalo mwenzake anayeuza Kigali hana. Mdaiwa wake, pamoja na duka na akaunti yake ya benki, yuko Burundi, chini ya sheria na mahakama nyingine. Tatizo hilo lilionekana wazi Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Aliyezoea kuvuka kwenda Cibitoke kudai mwenyewe alifungiwa njia.

Katika hali kama hiyo wengi hufikiria kumpa kazi wakala wa kukusanya madeni. Kabla ya kutia saini, yapo mambo ya kuangalia.

Mali ya mdaiwa iko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza. Nchini Rwanda hukumu hutekelezwa na abahesha b'inkiko, yaani watekelezaji wa hukumu, ambao kazi yao iliwekewa sheria mwaka 2013. Mamlaka yao huishia mpakani. Hata hukumu yenyewe iliyotolewa Rwanda haiwezi kukamata mali iliyoko Burundi mpaka mahakama ya huko iikubali kwanza. Kwa hiyo wakala mwenye ofisi Kamembe lakini asiye na wakili wa kushirikiana naye Bujumbura ataishia kwenye simu na barua.

Kwa mdaiwa wa Bukavu au Uvira utaratibu ni mwingine. Mwaka 2012 Congo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara. Sheria hizo zinamruhusu mdai mwenye hati za deni kuiomba mahakama itoe amri ya kulipa bila kupitia kesi ndefu, labda mdaiwa aipinge. Rwanda na Burundi si wanachama. Wakala anayesema anafanya kazi Congo aulizwe kuhusu amri hiyo. Asipoijua, atafutwe mwingine.

Malipo ya wakala

Asilimia ndogo si lazima iwe nafuu. Tuchukue mfano wa deni la faranga milioni 2. Wakala wa kwanza anataka faranga 300,000 mwanzoni na asilimia 10 ya zitakazopatikana. Wa pili anataka asilimia 25, bila malipo ya mwanzo. Deni likilipwa lote, kila mmoja atachukua 500,000. Ikipatikana nusu, wa kwanza atachukua 400,000 na wa pili 250,000. Isipopatikana hata faranga moja, mteja wa wakala wa kwanza atakuwa ameongeza hasara ya 300,000.

Mkataba useme pia nani atalipa wakili na gharama za mahakama, deni litahesabiwa kwa faranga ya nchi gani na kwa kiwango cha siku ipi. Fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mdai. Wakala alipwe baadaye. Mteja awe na haki ya kusitisha kazi baada ya muda uliotajwa.

Mwenendo wake

Wakala asiye na hati ya mahakama hana ruhusa ya kukamata lori wala kufungua ghala la mtu. Anayeahidi kumweka mdaiwa ndani naye aepukwe: mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia wa 1966, ambao Rwanda na Burundi zimeuridhia, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Vitisho vya wakala vinaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Hati za kumkabidhi

Wakala apewe nakala za mkataba, ankara, hati ya mzigo iliyosainiwa na aliyepokea, na ujumbe wa simu ambao mdaiwa anakiri deni. Hati halisi zibaki kwa mwenyewe. Msafirishaji anayedai nauli ahakikishe karatasi zinaonyesha nani alipaswa kulipa, aliyetuma mzigo au aliyeupokea. Hilo lisipojulikana, wakala atamfuata mtu asiyehusika.

Mkopo unaofuata

Mkataba mpya unaweza kuwa na kifungu kwamba mgogoro utaamuliwa na wasuluhishi, kwa mfano kupitia kituo cha kimataifa cha usuluhishi cha Kigali, KIAC, kilichoanza kazi 2012. Rwanda ilijiunga na mkataba wa New York wa 1958 mwaka 2008, Burundi na Congo mwaka 2014. Mkataba huo unazitaka mahakama za nchi wanachama kutambua uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa nchi nyingine. Usuluhishi una gharama, hivyo kifungu hicho kinafaa zaidi kwa mizigo mikubwa. Kwa mzigo mdogo, malipo ya awali au mdhamini mwenye mali upande wa Rwanda ni kinga iliyo karibu zaidi.