Kozi ya Tano: Historia Iliyonisaidia Kuchagua

Haraka haraka haina baraka, lakini mimi nilikuwa na siku tatu tu. Katika wiki ya kwanza chuoni, sisi wanafunzi wa sayansi ya kompyuta tulipewa fomu ya kozi. Nne zilikuwa za lazima. Ya tano tulipaswa kuichagua wenyewe: ama utengenezaji wa tovuti, ama hisabati diskreti, yaani mantiki, seti, mahusiano na grafu. Karibu darasa zima lilichagua tovuti. Baba mdogo, anayenilipia karo kwa kuendesha lori kati ya Malaba na Kampala, alinipigia simu akasema, "Mwanangu, chukua kinacholeta kazi. Hesabu zilikutesa sekondari." Alisema kweli. Isitoshe, anayeanguka kozi huirudia kwa kuilipia, na pesa hizo hatukuwa nazo.

Nilikwenda maktaba na swali moja: fani hii ilianzaje, na waliotutangulia waliona nini kinafaa kufundishwa?

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba fani yenyewe ni changa. Mwaka 1957, Mholanzi Edsger Dijkstra alipokwenda kufunga ndoa mjini Amsterdam, aliulizwa kazi yake. Alipojibu kwamba anaandika programu za kompyuta, maofisa walikataa kwa kuwa hawakuitambua kazi kama hiyo. Cheti chake cha ndoa kikaandikwa kuwa yeye ni mwanafizikia. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, ya kwanza nchini humo. Hapa kwetu Uganda, Makerere ilipata Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985. Kwa hiyo wanaotushauri nyumbani hawana kosa. Wazazi wengi wanajua kazi ya daktari na ya mwalimu, lakini hii yetu imewafikia juzi.

Jambo la pili lilihusu lugha za programu. Fortran ilitoka mwaka 1957, COBOL mwaka 1959, BASIC mwaka 1964, Pascal mwaka 1970, kisha C, Python na Java. Pascal ilibuniwa na Niklaus Wirth kwa ajili ya kufundishia, na kwa miaka mingi wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika nchi nyingi walianza nayo. Katika maktaba yetu vitabu vyake vimejaa vumbi. Nilipovitazama nilijiuliza: je, mbinu za tovuti zinazofundishwa mwaka huu zitakaa rafu gani miaka ishirini ijayo?

Jambo la tatu ndilo lililonishtua. Mwaka 1968, chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, ACM, kilitoa mtaala wa kupendekezea vyuo. Miongoni mwa kozi zake za msingi ilikuwamo hisabati diskreti. Kozi ileile iliyokuwa kwenye fomu yangu! Lugha za programu zimekuja na kupita, nayo bado ipo.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba kozi ya tovuti haina maana. Waandishi wa COBOL waliendesha hesabu za mabenki na wakalisha familia zao. Fundi asiye na chombo hajengi. Lakini baada ya kusoma historia hiyo, swali langu lilibadilika. Sikuuliza tena ni kozi ipi bora, bali ni ipi ninayoweza kujifunza bila mwalimu. Tovuti ningeweza kujifunza wakati wa likizo kwa kompyuta ya kuazima. Hisabati nisingeigusa kamwe bila mhadhiri wa kunisukuma na mtihani wa kunitisha. Nikaandika hisabati.

Muhula ulikuwa mgumu. Jaribio la kwanza nilipata 31 kwa 100, na nikamficha baba mdogo. Kisha tukafika kwenye grafu, tukasoma njia ya kutafuta mkondo mfupi kati ya nukta mbili, iliyochapishwa mwaka 1959 na yuleyule Dijkstra aliyenyimwa jina la kazi yake. Mwisho wa muhula nilipata 58. Si maksi za kujivunia, lakini sikurudia kozi.

Nilipokwenda nyumbani nilimchorea baba mdogo miji anayopita: Tororo, Iganga, Jinja, Mukono. Nikamwonyesha jinsi hesabu inavyoamua, barabara ya Mabira ikifungwa, kama inafaa kuzungukia Kayunga. Aliitazama karatasi kwa muda, akanisahihisha: nilikuwa nimesahau saa zinazopotea kwenye mizani. Nikaongeza namba hizo, jibu likabadilika. Akacheka, akasema, "Kumbe hesabu zenyewe ndizo hizi?"

Kwa kuhitimisha, nawashauri wenzangu wa mwaka wa kwanza wasijaze fomu kwa kufuata msafara. Ulizeni kozi hiyo ilianza lini, na kwa nini bado inafundishwa. Likizo hii nimeazima kompyuta ya jirani, na ninajifunza kutengeneza tovuti.