Mkwaruzo wa Bitana: Jeraha Dogo Linalotafuta Jina

Kiswahili kina vitenzi tele vya ncha kukutana na ngozi. Mwenye mwasho hujikuna. Seng'enge humkwaruza mtoto anayepenya uani. Paka huparura. Muuza samaki hupara magamba, na mpishi hukwangua ukoko. Vitenzi hivi ni majirani, lakini kila kimoja kina kipimo chake cha nguvu, na kila kimoja hutuambia kama kitu kimeondolewa au kimeachiwa alama tu.

Tofauti hiyo ni nzito zaidi ndani ya mji wa mimba kuliko jikoni. Kuna tendo dogo ambalo madaktari wa uzazi huwafanyia baadhi ya wanawake, mara nyingi katika mwezi unaotangulia ule wa kuwekewa kiinitete kilichotungwa maabara. Daktari hupitisha mrija mwembamba wa plastiki, wenye upana wa milimita tatu hivi, kwenye shingo ya kizazi. Ndani ya mrija kuna kijiti. Kikivutwa nyuma, mrija hufyonza. Daktari huuzungusha na kuusogeza mbele na nyuma, na utando wa ndani hupata jeraha dogo la makusudi. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Mwanamke husikia maumivu kama ya hedhi, na pengine huona damu kidogo. Kiingereza kimelipa tendo hili jina jepesi, scratch, lile lile la kujikuna na la kucha za paka. Kiswahili bado hakijakubaliana na nafsi yake kuhusu jina, na kabla halijaganda ninaomba tulichague kwa makini, kwa sababu wapo wanawake watakaolipia jina hilo kwa fedha na kwa mwili.

Nalifikiria jina hili nikiwatazama wanawake wa Eastlands, Nairobi. Katika mitaa hii, kuanzia Kaloleni, Maringo, Bahati na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mama Brayo anauza mboga langoni, Mama Achieng' ana ufunguo wa maji ya ploti, Mama Salim ndiye mweka hazina wa chama. Jina alilopewa na wazazi wake hubaki kwenye kitambulisho. Aliyeolewa miaka mingi bila mtoto hana jina hilo la pili. Majirani humwita anti, au madam, au humwita kwa kazi yake. Akifika zahanati, muuguzi humwambia, "Mama, kaa hapa," kama anavyowaambia wanawake wote, kwa heshima kamili. Heshima hiyo hugusa palepale panapouma.

Lugha imejaribu kuwa na huruma. Tunasema "hajajaliwa" au "hajabarikiwa", na vitenzi hivyo vya kutendwa huliweka jambo mikononi mwa Mungu bila kumlaumu mtu. Lakini lugha hiyo hiyo ina neno tasa, ambalo humganda mwanamke hata pale ambapo sababu iko kwa mumewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani mwake. Kwa hesabu hiyo, ploti yenye milango kumi na miwili haikosi mtu anayelibeba jambo hili kimya kimya.

Katika Eastlands hiyo hiyo ipo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambako Wanairobi wa vizazi vingi wamezaliwa. Anayetaka "mtoto wa chupa", kama watu wanavyosema, hupanda matatu, akapita katikati ya jiji na kuelekea kliniki za kibinafsi za upande wa pili. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2006, miaka 28 baada ya Louise Brown, wa kwanza duniani, kuzaliwa Uingereza. Jaribio moja hugharimu laki kadhaa za shilingi. Fedha hizo hutoka kwenye chama, kwenye mkopo wa sako, au kwenye kipande cha shamba kilichouzwa ushago. Mtu aliyekwisha kutoa hayo yote huona vigumu kukataa nyongeza ndogo, hasa ikiwa jina lake linatia moyo.

Jina la kwanza linalokuja mdomoni ni kusafisha. Liko tayari, na kila mtu analijua. Hapo ndipo tatizo lilipo: tayari lina kazi. Eastlands ukisema fulani alisafishwa, msikilizaji anaelewa kwamba mimba yake ilitoka na mabaki yakaondolewa hospitalini. Likisemwa kwa sauti ya chini, neno hilo hilo humaanisha mimba iliyotolewa kwa kutaka. Mwanamke anayetafuta mimba kwa miaka hawezi kurudi nyumbani na neno lenye uvumi wa mimba iliyopotezwa. Mama mkwe akilisikia, swali litakalofuata ni la mimba gani. Tena kusafisha kunadai kwamba palikuwa na uchafu, na utando huu si uchafu. Ni tishu hai inayojijenga kila mwezi. Muuguzi anayetumia neno hili kwa urahisi wa mazungumzo anampa mgonjwa historia isiyo yake na aibu isiyo na msingi.

Jina la pili ni kukwangua. Kwa sikio langu linakaa karibu na bandua, chubua na ambua, vitenzi ambavyo kazi yao ni kukitoa kitu mahali kilipogandama. Anayekwangua sufuria huacha chuma kitupu. Daktari katika tendo hili hakusudii kuuondoa utando. Anakusudia kuujeruhi kidogo na kuuacha. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kimezoeleka kwenye kadi za muda wa maongezi. Chini ya ule unga wa kijivu nambari ipo, imechapishwa kiwandani, na anayekwangua ana hakika ataikuta. Mwanamke anayeambiwa kwamba kizazi chake kitakwanguliwa anaweza, bila mtu kumdanganya wazi, kuamini kwamba kuna kitu kimefunikwa humo na kitafunuliwa. Hakuna kilichofunikwa.

Kuparura nako kuna hasira, na kukuna kuna raha. Kinachobaki ni kukwaruza. Kitenzi hiki kinasema kwamba kitu chenye ncha kimepita juu, kimeacha alama na kuumiza kidogo. Hakidai kwamba kitu kimetolewa wala hakiahidi faida. Nomino yake, mkwaruzo, tunaijua tangu utotoni kutokana na magoti ya wacheza mpira, na hakuna aliyewahi kuuogopa mkwaruzo kama upasuaji au kuuombea kama dawa. Kwa tendo hili, kipimo hicho cha hisia ndicho sahihi.

Kitenzi kikipatikana, tunabaki na mahali. Kiswahili kina majina mengi ya kiungo hiki: kizazi, mji wa mimba, tumbo la uzazi, mfuko wa uzazi, na wapo wanaosema nyumba ya mtoto. Napenda mji wa mimba kuliko yote. Mji ni mahali pa kukaa watu, na katika kanga mji ni ile nafasi ya kati inayozungukwa na pindo. Hata hivyo hospitali zimeshazoea kizazi, kama katika saratani ya shingo ya kizazi na katika kauli ya "kutolewa kizazi", na istilahi hufanya kazi vizuri ikiegemea neno ambalo mgonjwa ameshalisikia kliniki.

Utando wa ndani ndio unaosumbua. Wengi huuita ukuta wa kizazi. Lakini ukuta halisi wa kizazi ni msuli mnene, ule unaobana wakati wa uchungu. Mwanamke akiambiwa ukuta utakwaruzwa, ana haki ya kuogopa kutobolewa. Utando ni neno bora, ingawa hutaja pia utando wa buibui na tabaka lolote jembamba. Endometriamu ni neno sahihi kwa wanafunzi wa udaktari, lakini halimwambii chochote mtu anayesaini fomu akiwa na wasiwasi.

Kiswahili kina neno bitana, kitambaa laini kinachoshonwa upande wa ndani wa koti. Lilitoka Kiarabu, na Waarabu wenyewe hulitumia neno hilo hilo kwa utando huu: madaktari wao husema bitana ya rahimu, yaani ya mji wa mimba. Sisi tulilichukua kwa nguo na tukaliacha kwa mwili. Tukilirudisha kwenye mwili hatutakuwa tumebuni lolote. Tutakuwa tumekamilisha mkopo tulioanza karne nyingi zilizopita. Mafundi wengi wa Nairobi siku hizi husema bitana kwa Kiingereza, kwa hiyo neno litahitaji kuelezwa mara ya kwanza, lakini sentensi moja inatosha: ni tabaka la ndani la kizazi, lile linalotoka na hedhi na kujijenga upya.

Maelezo hayo yana faida nyingine, kwani yanaleta swali ambalo jina zuri lingelificha. Tendo hufanywa kwa kawaida mwezi mmoja kabla. Kati ya mkwaruzo na kiinitete kuna hedhi, na katika hedhi sehemu kubwa ya bitana iliyokwaruzwa hutoka. Basi kilichojeruhiwa kinamsaidiaje mgeni ambaye hatakikuta? Wanaotetea tendo hili wamejibu kwamba jeraha huita chembe za kinga, na kwamba chembe hizo hubaki katika tabaka la chini na kuiandaa bitana mpya. Ni dhana inayostahili heshima, lakini dhana ni lazima ipimwe.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1907 mtafiti Leo Loeb alionyesha kwamba kizazi cha simbilisi (guinea pig) kikijeruhiwa kwa wakati unaofaa, tishu yake hubadilika kama inayojiandaa kupokea mimba. Mwaka 2003 watafiti wa Israeli, Barash na wenzake, walichapisha uchunguzi wa wanawake 134. Waliochukuliwa vipande vya utando kabla ya matibabu walipata mimba karibu maradufu ya wengine. Tendo likaenea. Mwaka 2019 Sarah Lensen, Cindy Farquhar na wenzao wakatoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 1,364 katika nchi tano. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walikwaruzwa. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 26.1 katika kundi la kwanza, na asilimia 26.1 katika kundi la pili. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, wenye wanawake 1,048 waliokuwa katika jaribio lao la kwanza, nao haukukuta tofauti ya maana. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya kilisema tendo hili halipendekezwi kufanywa kama kawaida. Wapo watafiti wanaoendelea kuuliza kama kuna kundi fulani, hasa la walioshindwa awali, linaloweza kufaidika kidogo. Hadi sasa jibu lao haliruhusu ahadi.

Kwa hiyo vitenzi vya ahadi ndivyo vya kuogopa kuliko vyote: kuandaa kizazi, kuamsha kizazi, kurutubisha kizazi. Vinapendeza, vinaingia vizuri katika maombi ya mtu, na kila kimoja kinataja matokeo mahali pa tendo. Istilahi ya kitabibu inapaswa kutaja kilichofanywa na mkono. Matokeo yatajwe kando, kwa takwimu zake.

Mkanganyiko huu wa tendo na matokeo umekazwa pia na neno upandikizaji, tunalolitumia kwa matibabu yote haya. Kupandikiza ni kung'oa mche kitaluni na kuuhamishia shambani, kazi ya mkulima mwanzo hadi mwisho. Lakini daktari hapandikizi kiinitete, anakiweka tu. Kushika ni kazi ya kiinitete chenyewe: hujishikiza kwenye bitana, siku chache baadaye, bila mtu kukiona. Kati ya kuweka na kujishikiza kuna pengo ambalo tiba bado haijalimiliki, na humo ndimo huzaliwa nyongeza nyingi zinazouzwa kwa wenye hamu. Tukitofautisha vitenzi hivi viwili, mgonjwa ataona pengo lilipo na kujua ni nani anayezungumza kwa uhakika na nani anayekisia.

Tena mrija ule ule una kazi ya pili: kuchukua kipande cha utando kipelekwe maabara, kutafuta ugonjwa kama kifua kikuu cha kizazi. Hapo kuna swali na jibu, na kipande ndicho hoja. Tusiyape matendo haya mawili jina moja kwa sababu tu chombo ni kimoja. La kwanza liwe kukwaruza. La pili, kuchukua kipande.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Haki hiyo hubaki tupu kama maneno yenyewe hayapo, na kuyaandaa ni kazi ya wanaistilahi wakiwa pamoja na wauguzi, ambao ndio wanaozungumza na mgonjwa uso kwa uso.

Napendekeza mkwaruzo wa bitana ya kizazi. Na kwa kuwa istilahi hupimwa ndani ya sentensi, hii ndiyo ningependa isomwe kwa sauti kwa kila mwanamke kutoka Umoja au Kayole kabla hajasaini: "Tutakwaruza bitana ya kizazi chako kwa mrija mwembamba. Utasikia maumivu kama ya hedhi. Tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba mkwaruzo huu unaongeza nafasi ya kupata mtoto. Ukikataa, matibabu yako yataendelea vilevile." Bitana ikishaelezwa, kila neno humo linaeleweka bila mkalimani, na atakayeisikia ataamua akijua analipia nini.