Kutoka mwembe wa Ujiji hadi mdomo wa Ruzizi

Mtu wa Uvira, upande wa Kongo, akipanda boti bandari ya Kalundu akavuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, Ujiji haiko mbali. Ni mwendo wa kilomita chache tu kuelekea kusini. Humo mna jumba la makumbusho la Livingstone. Ndani yake, sanamu mbili za ukubwa wa mtu zimesimama zikiamkiana, kofia mkononi: mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, na Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Nje kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika, pamoja na miembe ambayo ni uzao wa ule mwembe ambao chini yake walikutana. Tarehe inayotajwa ni 10 Novemba 1871.

Wageni wengi hupiga picha hapo wakaenda zao. Sisi wa upande huu wa ziwa, habari yetu ndiyo kwanza inaanza. Siku chache baada ya kukutana, watu hao wawili walipanda mtumbwi wa kuazimwa kwa tajiri wa Kiarabu wa Ujiji, wakaelekea kaskazini. Swali lililowasafirisha lilikuwa moja: mto Ruzizi unaingia ziwani, au unatoka?

Anayeitazama Ruzizi kutoka vilima vya Rurambo, ikijikunja uwandani, anaweza kushangaa kwamba jambo hilo liliwahi kuwa fumbo. Lakini huko London watu walikuwa wamegombana kwa ajili yake. Kama mto ule ungekuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi Tanganyika ingeweza kuwa ndiyo chanzo cha Nile, na wale waliokitafuta kwingine wangeaibika.

Na jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, hapa hapa Uvira. Mwishoni mwa Aprili 1858, wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika mjini kwetu kwa mitumbwi miwili. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kulimshinda. Wana wa Maruta, mkuu wa Uvira wakati huo, waliwaambia waziwazi kwamba Ruzizi inaingia ziwani. Wageni walitaka kwenda kujionea, lakini wapiga kasia waliogopa watu wa mbele na wakakataa katakata. Burton akarudi na maneno ya vijana wale, na miaka michache baadaye, katika mabishano yake na Speke, akayaweka kando na kudai kwamba mto huo huenda unatoka. Jambo hilo linaniuma. Wenye mto walisema, na neno lao halikuhesabiwa mpaka Mzungu mwingine alipokuja kutia mkono majini.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1871. Mtumbwi ulifika kwenye matete ya mdomo wa Ruzizi, mahali pa mamba wengi, ukapandishwa mtoni dhidi ya mkondo wenye nguvu. Maji yalikuwa yanateremka kuingia ziwani, na hapakubaki la kubishania. Aliyewapa Livingstone na Stanley habari nyingi zaidi ni chifu Ruhinga wa Mugihewa, huko huko kwenye delta. Aliwatajia vijito vinavyoingia Ruzizi kimoja baada ya kingine, na akawaambia kwamba mto wenyewe unatoka katika ziwa liitwalo Kivu. Alisema kweli: Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,460, Tanganyika mita kama 770, na mteremko huo ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi leo.

Katika kurudi walipita pwani ya magharibi. Waliona visiwa vidogo karibu na ukingo, vikaitwa kwa jina la gazeti lililomtuma Stanley, New York Herald. Visiwa hivyo vilikuwa na majina ya wenyeji tangu zamani; jina la gazeti halikushika.

Kuna ushahidi mwingine pale Ujiji, na wengi huupita bila kuuona: maji yako mbali na mnara. Zamani hizo ziwa lilikuwa juu zaidi, kwa sababu mto Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Kizuizi kilipovunjika, mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kiasi cha mita 10 katika miaka iliyofuata. Waliohamishwa na maji Kavimvira na Kalundu miaka hii ya karibuni wana haki ya kulijua hilo, maana ardhi iliyojengwa nyumba zao iliachwa na ziwa, na ziwa linaikumbuka njia.

Natamani Uvira ipate chumba kimoja cha kuyaweka haya. Mlangoni paandikwe Maruta na Ruhinga kwa herufi kubwa, ndani uwekwe mtumbwi wa mti mmoja wenye kasia zake, na ukutani zichorwe alama za kimo cha maji ya ziwa: ya 1858, ya 1871, na ya mafuriko ya 2024.