Mtundulu: Ua la pinki na njano linaloita nyuki Tabora

Ukiona kichaka cha miiba kimening'iniza vishada vya rangi mbili, juu pinki, chini njano, huo ni mtundulu, kama Wanyamwezi wanavyouita. Kisayansi ni Dichrostachys cinerea, mti wetu wa asili unaoota vichakani Tabora na kando ya njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji.

Ile pinki ni tangazo tu. Maua yake madogo ni tasa, hayazai mbegu, na yakizeeka hufifia hadi karibu nyeupe. Chavua anayoifuata nyuki iko chini, kwenye njano.

Mfugaji nyuki anaupenda. Mkulima je? Thubutu! Ukiukata unachipua tena mizizini, na mifugo ikila matunda yake yaliyojikunja, mbegu husambaa na kinyesi. Cuba, ulikopelekwa kutoka nje, unaitwa marabú na umevamia mashamba makubwa. Miiba yake hutoboa hata tairi (waulize bodaboda).

Unautaka bustanini? Panda mmoja tu, konani, mbali na wanapochezea watoto, na machipukizi ya pembeni yang'oe yakiwa bado madogo.