Mkono wa kushoto ushike nini? Historia fupi ya pedi ya pili

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alinipigia simu nikiwa bado chumba cha habari. "Kaka, kesho ukipita Kariakoo nitafutie mpini wa pili." Nikamuuliza wa jembe au wa nyundo. Akacheka, akasema wa gemu. Yuko chuo mwaka wa pili, kajinunulia kompyuta ya mtumba, na usiku wenzake wakiangalia mpira yeye anarusha chombo cha anga katika gemu inayoitwa Elite Dangerous. Mpini wa mkono wa kulia anao. Wa kushoto hana. Pesa aliyodunduliza inatosha kifaa kimoja tu, na akikosea kuchagua hana nyingine mpaka muhula ujao.

Najua yupo atakayeniambia nchi ina matatizo chungu nzima na mimi nimekaa naandika habari za michezo ya watoto. Sawa. Lakini huyu dogo nina deni lake la miaka mingi, nitalieleza huko mbele. Halafu, nikiri, nilipoanza kuchimba niligundua kwamba swali lake lina historia, na historia yenyewe imepita juu ya vichwa vyetu hapa hapa Afrika Mashariki.

Jumamosi nikashuka daladala Msimbazi, nikaingia mitaa ya Kariakoo. Pale Mtaa wa Aggrey, katikati ya simu na chaja na spika zinazopigana kelele, pedi zipo za kumwaga: nyeusi, nyeupe, za waya, zisizo na waya, orijino, na zile ambazo muuzaji anakwambia "hii ni kama orijino". Kijana wa duka la tatu nikamwelezea ninachotaka: joistiki, ule mpini unaosimama wima kama wa rubani.

"Ya kazi gani, braza?"

"Ya kurushia chombo cha anga."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Aah, braza, hapa watu wanacheza mpira."

Nikaondoka mikono mitupu na maswali mawili. La kwanza ni la mdogo wangu: mkono wa pili ushike nini? La pili ni langu: kwa nini Kariakoo, ambako utapata kila kitu kuanzia kitenge mpaka injini ya boti, mpini wa rubani ni kitu cha kushangaa?

Turudi nyuma hadi tarehe 20 Februari 1962. Tanganyika ina miezi miwili na ushee tangu ipate uhuru. Waziri Mkuu ni Rashidi Kawawa, kwa sababu Mwalimu alijiuzulu mwezi mmoja kabla ili akakijenge chama. Siku hiyo Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, kwa muda wa karibu saa 5, ndani ya kijichombo kilichoitwa Mercury. Njia yake ilikatiza Afrika, na mojawapo ya vituo vilivyokuwa vikimsikiliza na kuongea naye kilikuwa Zanzibar. Naam, Unguja yetu hii. Wamarekani walikubaliana na Waingereza mwaka 1960, wakati visiwa bado viko chini ya ulinzi wa Uingereza, wakajenga pale kituo cha kufuatilia safari za Mercury.

Sasa angalia mikono ya Glenn. Wa kulia ulishika mpini mmoja. Ukiusukuma mbele au nyuma, pua ya chombo inashuka au kupanda. Ukiulaza ubavu, chombo kinabiringika. Ukiusokota, pua inageuka kushoto au kulia. Basi. Kwa mkono wa kushoto hakuwa na mpini wa kukisogeza chombo, kwa sababu Mercury haikuwa na uwezo wa kuhama njia yake, isipokuwa kuwasha roketi za kupunguza mwendo ili irudi duniani. Ilikuwa kama kiti cha kinyozi: kinazunguka, hakiendi popote. Hata hivyo huo mpini mmoja haukuwa pambo. Mzunguko wa kwanza ukielekea mwisho, vijiroketi vya kugeuzia vilianza kusumbua mtambo wa kujiendesha, na Glenn akalazimika kushika usukani mwenyewe kwa sehemu kubwa ya safari iliyobaki.

Yuri Gagarin, aliyemtangulia tarehe 12 Aprili 1961, naye alikuwa na mpini mmoja, tena umefungwa kwa namba ya siri. Wakubwa wake hawakuwa na hakika kama akili ya binadamu inabaki timamu huko juu. Namba waliifungia kwenye bahasha ndani ya chombo: 125.

Mkono wa pili ulipata kazi yake tarehe 23 Machi 1965, Gemini 3 ilipoondoka na Gus Grissom na John Young. Hicho ndicho chombo cha kwanza chenye watu kilichoweza kubadili njia yake angani. Kugeuka peke yake hakukutosha tena, ilibidi pia kisogee mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Wahandisi wakakaa wakahesabu: kugeuka kuko kwa aina tatu, kusogea kuko kwa aina tatu, jumla sita, na mkono mmoja hauwezi kubeba sita bila kuchanganya. Wakagawa. Mpini wa kugeuza ukawekwa katikati ya viti viwili, mkono wa kulia wa nahodha unaufikia. Mkono wake wa kushoto ukapewa mpini wa kusogeza. Mgawanyo huo wa kulia kugeuza na kushoto kusogeza uliendelea hadi Apollo, na Neil Armstrong alitua mwezini tarehe 20 Julai 1969 kwa mtindo huo: wa kulia unaelekeza chombo, wa kushoto unashughulika na kasi ya kushuka.

Hili halipaswi kutushangaza sisi tunaopanda daladala. Mtazame dereva wako wa Gongo la Mboto: mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto uko kwenye gia. Kila mkono una idara yake.

Cha kusikitisha kidogo ni kwamba enzi ya mkono mmoja ilipita juu ya Zanzibar, lakini ya mikono miwili ilipofika kituo hakikuwepo tena. Mapinduzi yalitokea Januari 1964, na mwaka huohuo kituo kikafungwa.

Tuje kwenye gemu zenyewe. Februari hiyohiyo ya 1962, katika chuo cha MIT kule Marekani, Steve Russell na wenzake walikuwa na gemu ya kompyuta waliyoiita Spacewar! Vyombo viwili vya anga vinapigana, nyota iko katikati inavivuta. Kompyuta yenyewe, PDP-1, iliuzwa dola 120,000. Mwanzoni walicheza kwa swichi za kwenye mashine, viwiko vikawauma, na mmoja alikaa vibaya kuliko mwenzake kuona kioo. Alan Kotok na Bob Saunders wakaenda kwenye klabu yao ya treni za mfano, wakaokota vipuri, wakatengeneza visanduku viwili vyenye swichi mbili na kitufe: swichi moja ya kugeuka, nyingine ya kuwasha roketi.

Hebu soma tena hapo. Baadhi ya pedi za mwanzo kabisa katika historia ya gemu za kompyuta zilitengenezwa kwa ajili ya gemu ya anga, zilikuwa mbili tangu siku ya kwanza, na ziliungwa na vijana kwa vipuri vya kuokoteza. Ile ni kazi ya fundi wa Kariakoo, ila ilifanyikia Marekani.

Baadaye gemu za anga zikapotea njia, kwa maana nzuri. George Lucas alipotengeneza Star Wars ya 1977 mapigano yake ya angani aliyaiga kutoka filamu za ndege za Vita Kuu ya Pili. Vyombo vyake vinapinda kama vina hewa ya kuegemea. Gemu zikafuata: Wing Commander mwaka 1990, X-Wing mwaka 1993. Chombo kikiruka kama ndege, mkono wa kushoto hauhitaji mpini wa kusogeza, unahitaji mkono wa mafuta, ule unaousukuma na unabaki pale ulipouacha. Ndiyo maana mpaka leo seti nyingi za urubani wa kompyuta zinauzwa hivyo: joistiki kulia, mkono wa mafuta kushoto.

Na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya Hazina kujaribu kuendesha hesabu kwa mashine na kuambulia vurugu. Televisheni nazo Bara zilikuwa haziruhusiwi. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na wakubwa walikuwa na hoja zao, siwezi kuwahukumu kutoka kwenye kiti changu chenye feni. Lakini weka tarehe sambamba uone. Mwaka 1977 Atari inaingiza joistiki sebuleni kwa Wamarekani. Mwaka 1983 sisi tuko kwenye vita dhidi ya wahujumu uchumi, mtu akiogopa hata kukutwa na katoni ya sabuni. Aprili 1984 tunamzika Sokoine. Septemba mwaka huohuo, Uingereza, vijana wawili wa chuo, David Braben na Ian Bell, wanatoa Elite, babu wa gemu anayocheza mdogo wangu: magalaksi 8, kila moja na sayari 256, vyote ndani ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Televisheni ya kwanza ya Bara tuliipata mwaka 1994.

Kwa hiyo joistiki ilizaliwa, ikakua, ikaanza kuzeeka kabla sisi hatujawa na kioo cha kuichomeka. Tulipoingia kwenye mchezo, dunia ilishahamia kwenye pedi. Jibu la swali langu la Kariakoo ndilo hilo. Soko haliuzi kitu ambacho wateja wake hawakuwahi kukishika.

Na pedi tuliyoipokea ilikuja na ubaguzi wake. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 huko Japani, ambayo nakala zake za bei poa ndizo kaka zetu wengi walizoanzia, ilikuwa na pedi mbili zisizolingana. Ya kwanza ilikuwa na kitufe cha kuanzisha na kusimamisha mchezo. Ya pili haikuwa nacho. Mchezaji wa pili alianza mwenzie akitaka, akasimama mwenzie akitaka.

Hapa ndipo deni langu lilipo. Tulipokuwa wadogo, nyumbani pedi ya pili ilikuwa mbovu. Mimi nilicheza, na mdogo wangu nilimpa hiyo mbovu, waya wake nimeuficha nyuma ya meza, haujachomekwa popote. Timu yangu ikifunga namwambia, "Umeona? Umefunga wewe." Anaruka kwa furaha. Ilichukua muda mrefu kugundua, na siku aliyogundua hakulia. Aliiweka chini tu, akatoka nje.

Basi, dogo, haya ndiyo majibu yangu, nimeyafanyia kazi kama habari ya ukurasa wa mbele.

Moja, jiulize chombo chako kinarukaje. Elite Dangerous, iliyotoka Desemba 2014, ina hali mbili. Ukiiachia kompyuta ya chombo ikusaidie, kinaruka karibu kama ndege, na mkono wa mafuta unakutosha. Ukizima msaada huo, chombo kinateleza upande wowote kama cha Gemini, na hapo kushoto unataka mpini wenye springi, unaorudi katikati wenyewe ukiuachia. Mkono wa mafuta haurudi. Ukiusahau, unagonga kituo. Wewe umeniambia unazima. Kwa hiyo mkono wa mafuta achana nao.

Mbili, joistiki nyingi zimechongwa kwa kiganja cha kulia. Ukiishika kwa kushoto dole gumba linabaki hewani. Tafuta iliyo sawa pande zote, au ambayo sehemu zake zinafunguka na kugeuzwa, kama Thrustmaster T.16000M.

Tatu, ikiwa ni ya mtumba, usilipe kabla ya kuichomeka. Nyingi ndani yake zina kitu kilekile cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani, na kinalika vilevile. Redio inakwaruza, mpini unatetemesha chombo wakati hujaugusa. Zenye kupima kwa sumaku zinadumu zaidi.

Nne, na hili ndilo la bajeti yako: usinunue kwa haraka. Pedi ya kawaida ya Kariakoo ina vijiti viwili vya dole gumba tangu Sony walipotoa DualShock mwaka 1997, na vyote vina springi. Chomeka pedi pamoja na mpini wako, gemu inakubali vyote kwa pamoja, kisha kijiti cha kushoto kipangie kazi ya kusogeza. Si raha kama mpini, lakini kanuni ni ileile ya mwaka 1965, na pesa inayobaki unaiweka mpaka upate ile inayofaa.

Nilimpigia nikamsomea yote haya. Akasikiliza kimya, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Sawa kaka, niletee pedi. Ila hiyo iwe inafanya kazi."

Jumatatu nilirudi kwa yule kijana wa duka la tatu. Nimejaribu pedi tano kwenye kompyuta yake, kitufe kwa kitufe, mpaka akaanza kunuka hasira. Ya tano nimeichukua. Waya wake ni mrefu, unaonekana wote.